Shangazi Ahamia Kwenye Buluu

Mlango ukafunguka.

Najua baadhi yenu mmeapa kwamba aliyekuwa akibisha mwishoni mwa sura iliyopita ni askari, kaja na pingu. Wengine mkasema ni mke mkubwa wa Mheshimiwa, kaja kumalizia ugomvi wa sura ya tatu. Poleni nyote. Aliyeingia kwenye ukumbi wa halmashauri, wakati Bi Rula keshafungua mdomo kulitamka neno lililopigwa marufuku, alikuwa mwanamke mnene mwenye mtandio wa njano, anahema kwa sababu ya ngazi, ananing'iniza funguo kidoleni.

"Simama hapo hapo!" alisema. "Usiseme kitu mpaka mimi nimalize!"

Bi Rula akafunga mdomo. Huyu ndiye ofisa mipango wetu, binti asiyetoka nyumbani bila rula yake ya mbao. Na aliyemnyamazisha ni shangazi yake, mshona nguo, aliyemlea tangu alipofiwa na wazazi na kumsomesha kwa cherehani moja.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Kaa."

Ofisa mipango wa halmashauri nzima akakaa.

Sasa, wewe uliyelinunua gazeti hili kwa ajili ya kufungia sabuni, ngoja nikuweke sawa kabla hatujaendelea. Halmashauri ilitaka mpango wa mafuriko. Bi Rula akapanda mlima, akashuka bonde, akapima, akachora ramani. Pale mto utakapopita ukifura, akapapaka rangi ya buluu. Maana yake: hapa usijenge, na kama umejenga, hama.

Mwenyekiti wa halmashauri aliusoma ukurasa wa kwanza tu akavimba. Huyu anaitwa Mheshimiwa Utepe, kwa kuwa hajawahi kuuona utepe akauacha mzima. Alisema neno "mafuriko" linatisha wawekezaji. Alisema linanuka kushindwa. Wajumbe wakanyoosha mikono, neno likafutwa, na mahali pake likawekwa "ujio wa maji". Na kwa kuwa "kuhamisha watu" nako kulionekana hakuna adabu, kukawekwa "kukaribisha".

Katibu akaiamuru kompyuta ibadilishe. Kompyuta haina aibu wala haina akili, ikabadilisha kila mahali. Kituo cha Kuzuia Mafuriko kikaamka asubuhi kinaitwa Kituo cha Kuzuia Ujio wa Maji. Wananchi wakaandamana: nani huyo anayezuia maji yetu? Kituo kikafungwa kabla ya saa ya chakula.

Majitaka nayo yakapandishwa hadhi. Siku hizi yanaitwa "maji yaliyostaafu". Na msitu wa kwenye chanzo cha mto, ule uliofyekwa na shemeji yake Mheshimiwa ili auze viwanja, uliandikwa "eneo lililopunguziwa kivuli".

Basi jiweke wewe. Bomba lako limekauka tangu mtoto wako hajaota meno. Unapita kwenye ubao wa matangazo unasoma: BULUU NI ENEO LA UJIO WA MAJI. WANANCHI WOTE WA BULUU WATAKARIBISHWA MAPEMA. Utafanya nini? Utahamia, tena utakimbia. Na ndivyo watu walivyofanya, wakitoka mlimani na vitanda vyao vichwani, wakishukia bondeni kwa furaha.

Nadhani umeshaanza kuona shangazi wa watu ameingia na funguo za nyumba gani.

"Waheshimiwa," alisema Shangazi, "mimi sikusoma sana. Ila shukrani naijua. Nimekuja kushukuru."

Wajumbe wakajiweka vizuri kwenye viti. Katika ukumbi ule, mtu wa kushukuru alikuwa mgeni kuliko mtu wa kuzimia.

"Nyumba yangu ya mlimani ilikuwa nzuri, sikatai. Lakini maji? Maji nilikuwa nayasikia kwenye redio tu. Sasa nimebadilishana na dalali. Nimempa ile ya juu, kanipa ya bondeni. Buluu tupu! Mstari wa mbele kabisa, pembeni ya mtaro!"

Makofi.

"Dalali gani, Shangazi?" Bi Rula aliuliza.

"Yule kijana mpole. Shemeji yake Mheshimiwa."

Mheshimiwa Utepe aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, kama aliyesifiwa yeye. Na nawaambia ukweli, hakuwa anajifanya. Shemeji alijua anachokifanya, kwani nyumba za mlimani alikuwa anazikusanya moja baada ya nyingine. Lakini Mheshimiwa mwenyewe alilizika lile neno vizuri mpaka akasahau kaburi lilipo. Alikuwa anaamini kabisa kwamba maji yanakuja, na kwamba ni yeye aliyeyaleta.

"Na si mimi peke yangu," Shangazi aliendelea. "Wenzangu wote wa chama cha washonaji nimewashawishi. Walikuwa wanasitasita. Nikawaambia, ramani hiyo kaichora mwanangu. Ningewapeleka pabaya?"

Bi Rula alisimama.

"Shangazi, ile buluu ni mahali ambapo ma—"

Ngriiing! Mheshimiwa aligonga kengele ya mezani.

"Ofisa! Neno lako ulichunge."

Msomaji, usimlaumu haraka. Ofisa aliyemtangulia alilitamka neno hilo mbele ya wageni, na sasa ni ofisa wa viti. Anavipanga asubuhi, anavipangua jioni. Tena siku hiyo ndiyo mpango ule uliobadilishwa maneno ulikuwa unapigiwa kura, na Bi Rula alikuwa na kura yake ya kitaalamu. Akifukuzwa ukumbini, nani atabaki wa kuupinga? Kwa hiyo akafanya kosa ambalo watu wa ofisini tu ndio hulifanya: akatafuta namna nyingine ya kusema.

"Shangazi, pale yatakuja maji mengi."

"Si ndiyo tunayoyataka?"

"Mengi kwa pamoja."

"Mungu ni mkubwa! Sisi tulizoea ya kudondoka."

"Shangazi, yatafika mpaka dirishani."

"Afadhali! Mgongo wangu huu, hata kuinama na ndoo sitainama."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mjumbe mmoja alicheka mpaka akafuta macho kwa mpango wenyewe.

Shangazi hakucheka. Alikuwa anamtazama binti yake. Mshona nguo anaijua nguo iliyokatwa vibaya hata kabla hajaigusa.

"Mwanangu," alisema taratibu. "Niambie hapa, mbele za watu. Kuna ubaya wowote?"

Mheshimiwa aliweka kidole juu ya kengele. Katibu alishika kalamu. Hapo hapo, ndugu zangu, neno lilikuwa kwenye ulimi, limeshapanda, linasubiri meno yafunguke.

"Kuna..." Bi Rula aliitazama kengele. "Kuna changamoto."

Loo!

"Aa, changamoto!" Shangazi akashusha pumzi. "Changamoto hata mimi ninazo. Nilidhani kuna jambo."

Niseme wazi, hapo nilimkasirikia huyu binti. Mmekuwa mkiniandikia kwamba nampendelea. Leo simpendelei.

Mheshimiwa Utepe hakuiacha nafasi hiyo ipoe. Alitangaza kwamba kutokana na ushahidi huu wa mwananchi wa kawaida, mpango umepita bila kupingwa. Kisha akamshika Shangazi mkono.

"Mama, leo alasiri nazindua rasmi Ujio wa Maji kule bondeni. Wewe utakuwa Mwananchi wa Kwanza wa Buluu. Utanishikia sinia la mkasi."

"Mimi?"

"Wewe. Waite na wenzako wote. Waje na ndoo, picha zipendeze."

Shangazi alitoka amenyooka. Mlangoni aligeuka, akampungia Bi Rula mkono, mkono wa mzazi siku ya mahafali.

Bi Rula akatupa mafaili, akamkimbilia. Alishuka ngazi za kwanza, akakata kona, na pale akagongana na harufu.

Nyuma ya harufu alikuwa Bwana Mtaro.

Bwana Mtaro ni mhandisi wa majitaka, wale wasomaji wangu wa kike mnamkumbuka. Mrefu, mpole, meno mazuri, ila kazi yake ndiyo hiyo. Mtu humpenda yeye akiwa upande unakoelekea upepo. Siku hiyo alikuwa na matope mpaka kiunoni.

"Sina muda wa kukusalimia," alisema. "Mabwawa ya majitaka kule juu yamejaa."

"Yamejaa kiasi gani?"

"Yanachungulia. Huko mlimani mvua inanyesha tangu alfajiri. Msitu ungekuwepo ungeyanywa haya maji, lakini msitu si ndio huo ulipunguziwa kivuli? Yote yanashuka moja kwa moja. Mto umeingia kwenye mabwawa, sasa mto na majitaka ni kitu kimoja."

"Na tuta la kuyazuia je?"

"Limeanza kutoa jasho. Likipasuka, bonde lote limekwenda. Njia ni moja: nifungue lango, niyaachie yashuke kwa mtaro kidogo kidogo. Nyumba za pembeni ya mtaro zitalowa mpaka dirishani. Watu wakiwa wametoka, tutaosha kuta na maisha yataendelea."

"Wakiwa hawajatoka?"

Bwana Mtaro alitazama viatu vyake.

"Nipigie simu nikishawatoa," alisema Bi Rula, kisha akajisahihisha. "Yaani nitakupigia mimi."

"Simu gani?" Aliitoa mfukoni. Maji yalikuwa yanatiririka kwenye matundu yake. "Imekunywa maji yaliyostaafu. Tutumie king'ora. Kile cha juu ya paa la shule, pale bondeni. Nikiwa langoni nakisikia vizuri."

"Sawa. Ukisikia king'ora, ujue nimewatoa wote mpaka wa mwisho. Fungua."

"Nikikisikia nafungua. Nisipokisikia nangoja, hata tuta linitafune."

"Usifungue kabla."

"Na wewe usichelewe."

Akapanda pikipiki yake akapotea kuelekea mlimani. Bi Rula alikimbilia uwanjani. Shangazi alikuwa keshaondoka.

Gari la ofisi? Limekwenda kubeba viti vya sherehe. Gari la zimamoto? Limekwenda kumwagia maji barabara ili Mheshimiwa asipate vumbi. Bi Rula alivua viatu vyake vya ofisini, akavishika mkono mmoja na rula mkono wa pili, akashuka bondeni kwa miguu.

Alipofika, jua lilikuwa linawaka. Huko juu wingu jeusi, huku chini jua la kuanika nguo! Nani angeamini? Mahema yalikuwa yameshasimamishwa. Spika zilikuwa zinakohoa. Nyumba mpya zilikuwa zimepangana pembeni ya mtaro, nyingine rangi haijakauka, na karibu kila mlango ulikuwa umepakwa buluu kwa fahari.

Aligonga mlango wa kwanza.

"Tokeni! Pandeni mlimani sasa hivi!"

"Mlimani kufanya nini?" aliuliza mzee mmoja, kakaa barazani na pipa jipya. "Tumetoka huko juzi."

"Maji yanakuja!"

"Tunajua. Ndiyo maana tupo."

Mlango wa pili, mama mmoja alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akambana kwa sauti ya chini: "Dada, kama na wewe unataka nyumba huku, sema tu. Usituondoe kwa hila."

Mlango wa tatu walimfungia.

Bi Rula akaona hapa ataongea mpaka kesho. Bora atumie king'ora kuwatisha watoke, lakini alipowaza hivyo tu akakumbuka: king'ora ni cha kumwambia Bwana Mtaro kwamba watu wametoka! Akikipiga kabla, amewaua. Hapana. Akilinde kwanza, mtu asikiguse. Akakimbilia shuleni.

"Mwalimu mkuu! Ufunguo wa king'ora uko wapi?"

Mwalimu mkuu alikuwa anafunga tai kwa ajili ya sherehe.

"Ufunguo ninao. King'ora ndicho sina."

"Kiko wapi?"

"Watu wa Mheshimiwa wamekiazima. Wamekisimika jukwaani. Walisema sherehe bila kelele ni msiba."

Mapigo ya moyo ya Bi Rula niliyasikia mimi mwandishi.

Alitoka mbio. Kutoka shuleni mpaka mtaroni kuna kiteremko, akakishuka na viatu vimeshamponyoka. Umati ulikuwa umeshajaa: wanawake wa chama cha washonaji wamevaa sare waliyoishona wenyewe, buluu tupu, kila mmoja na ndoo yake. Wengine wamebeba mpaka masufuria. Mtaro ulikuwa mkavu, mpana, umefagiwa. Na utepe, ndugu msomaji, haukufungwa juu ya daraja wala mbele ya jukwaa. Mheshimiwa alitaka picha ya maji yakipita chini ya utepe wakati anaukata. Kwa hiyo utepe ulikuwa umefungwa ndani ya mtaro, ukuta hadi ukuta.

Na ndani ya mtaro, chini kabisa, alikuwa amesimama Shangazi na mtandio wake wa njano, ameshika sinia la mkasi.

"Shangazi! Toka humo!"

Spika zikammeza. Mshereheshaji alikuwa anaunguruma: "Na sasa! Yule aliyetuletea maji! Atabonyeza kitufe chekundu! Kuyaita maji!"

"Mheshimiwa, usibonyeze!" Bi Rula alipenya, akakanyaga vidole vya watu, akaangusha kiti, akafika mbele ya jukwaa. "Usibonyeze! Kile ni king'ora cha lango! Mhandisi akikisikia anafungua!"

Mheshimiwa Utepe aliinama na kipaza sauti mkononi, anatabasamu.

"Anafungua maji?"

"Ndiyo!"

"Yaje huku?"

"Ndiyo, Mheshimiwa, ndiyo! Huku!"

"Sasa mbona hukusema mapema, binti yangu?" Akawageukia watu. "Wananchi! Mnamwona ofisa wenu? Anaona aibu kusema, lakini kila kitu kimeandaliwa! Ninabonyeza hapa, yanafunguliwa kule!"

Vigelegele. Na kidole kile, kilichokuwa kimezoea mkasi, kikaenda moja kwa moja kwenye kitufe.

King'ora kikalia.

Kililia kwa sauti ya kupanda na kushuka, ikagonga mlima, ikarudi. Wanawake waliinua ndoo juu wakaanza kucheza. Bi Rula peke yake alijua kwamba huko juu, mtu mwaminifu mwenye matope kiunoni amesikia, amesema alhamdulillahi wametoka wote, na sasa anazungusha usukani wa lango kwa nguvu zake zote.

Aliruka mtaroni.

"Shangazi, twende. Twende juu!"

"Wewe! Viatu vyako viko wapi? Mbele ya kamera?"

"Twende, nakuomba."

"Sinia nimuachie nani? Nimepewa kazi." Kisha akauona uso wa mwanawe. "Mbona unalia? Maji si ndiyo yanakuja?"

"Shangazi." Hapakuwa na kengele sasa. Hapakuwa na katibu. "Ni mafuriko."

Shangazi alimkazia macho.

"Buluu ni mafuriko, Shangazi. Tangu mwanzo. Niliipaka ili watu wahame."

King'ora bado kilikuwa kinalia. Juu ya ukuta watu walikuwa wanacheza. Shangazi aliliweka sinia chini, taratibu, mkasi usilie.

"Asubuhi nilikuuliza," alisema. "Mbele za watu nilikuuliza kama kuna ubaya."

"Lile neno lilikuwa limekatazwa."

"Na nani?"

Bi Rula aliinua macho kumtazama Mheshimiwa, aliyekuwa ameanza kushuka ngazi za mtaro kwa viatu vyeupe, tayari kukata utepe.

"Wewe ulipokuwa mdogo," Shangazi alisema, "ulikuwa hujui kunificha kitu. Hata ukivunja kikombe ulikuwa unakuja nacho mkononi. Nilidhani nimekupeleka shule uongeze maneno, mwanangu, kumbe wamekupunguzia."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini humuumbua na jirani yake, hilo wahenga hawakulisema.

Ndipo harufu ilipofika. Ilitangulia, kama ilivyo desturi yake. Mheshimiwa aliisikia akiwa kwenye ngazi ya mwisho, akakunja pua, akauliza kwa kipaza sauti ni nani amekosa ustaarabu. Kisha sakafu ya mtaro ikaanza kutetemeka chini ya miguu yao. Pale kwenye kona ya juu, ukuta mdogo wa maji meusi ukajitokeza, umebeba matawi, magogo na vitu vingine ambavyo sivitaji, maana gazeti hili linasomwa na watoto.

Maji yaliyostaafu yalikuwa yamerudi kazini.

"Ni yenyewe?" aliuliza Mheshimiwa, keshapita chini ya utepe kuufuata mkasi. "Mbona meusi?"

Hakungoja jibu. Alikata utepe kwa kuupasua na kifua chake, akapanda ngazi nne nne, akampita mpiga picha, akampita mlinzi wake. Kipaza sauti alikuwa bado amekishika, kwa hiyo bonde zima lilimsikia akihema na kumwita mama yake.

Bi Rula alimsukuma Shangazi ngazini, akamvuta, akampandisha. Walifika juu maji yakiwa yameshagusa ngazi ya chini. "Tuko salama," alisema. "Barabara ni ile, Shangazi. Kimbia, usigeuke. Twende!"

Shangazi aligeuka.

Wanawake wenzake walikuwa bado wamejipanga kwenye ukingo kwa sare zao za buluu. Wengine walikuwa wameanza kuogopa, wengine walikuwa wanacheka kwa kumwona Mheshimiwa anavyokimbia. Na wa mbele kabisa, wale waliomwamini zaidi, walikuwa wameinama na ndoo zao, wanayangoja maji yafike usawa wa kuchota.

"Hao ni mimi niliyewaleta," alisema Shangazi.

"Nitawaambia mimi! Wewe panda!"

"Wewe?" Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomchoma binti. "Wewe watakuuliza, utawaambia kuna changamoto."

Bi Rula alimshika kwa mikono miwili. Lakini mkono wa mtu aliyezungusha cherehani maisha yake yote haushikiki. Shangazi alichomoka, akakimbia kando ya ukingo akielekea kule maji yanakotoka, anapunga mikono, analiita lile neno kwa sauti ya sokoni, mara moja, mara mbili, mara nyingi, mpaka likawa halina tena marufuku wala mwenyekiti.

Na ndoo zikaanza kudondoka. Mmoja alikimbia, wa pili akamfuata, kisha wote wakageuka kwa pamoja wakapanda mlima, wakimpita Bi Rula kushoto na kulia, wakimgonga mabegani. Alikuwa anatafuta rangi moja tu katikati ya buluu yote ile. Wa mwisho alipompita, alimkamata kwa nguvu.

"Shangazi yangu yuko wapi? Alikuwa na nyinyi! Yuko wapi?"

Mwanamke yule aligeuka akayatazama maji. Mkononi alikuwa ameshika mtandio wa njano, umelowa.